Sasa Naweka Otomatiki

Kasongo, Jumatatu

Mudogo wangu Benita,

Salamu kwako na kwa wote wa Kabambare. Huku mvua bado, muhogo iko inasitawi, muke wangu Elsa iko muzima.

Kazi ya picha inaendelea, lakini sasa lensi naiweka otomatiki. Unajua nilikuwa naizungusha kwa mukono mpaka uso ya mutu inakuwa wazi, sababu ndani ya kanisa otomatiki ilikuwa inachagua mishumaa, inaacha watu. Kwa ubatizo ya mwezi yenye imepita nilizungusha vilevile. Mama Léocadie, mama ya mutoto, akaangalia picha, akauliza, "Papa Aristote, mbona uso ya mutoto imefifia?" Nikaangalia picha, nikamwangalia na yeye. Kwangu nyuso zote mbili zilikuwa sawa, kama ziko nyuma ya moshi.

Munganga alisema ni ugonjwa yenye vile vijinzi vya mutoni vinaleta vikiuma mutu. Macho yenye imeharibika hairudi.

Jumamosi nilipiga picha za ndoa. Lensi ikalia kidogo, ikajichagulia yenyewe. Watu walisema ni picha nzuri kuliko zote nilizopiga. Nilisema asante.

Panda pikipiki uje mbele ya mvua kukata barabara. Utakaa karibu na dirisha, nikuangalie.

Ni mimi kaka yako,
Aristote