Mifuko ya Redio

Mtawanya, Mtwara

Mama mpendwa,

Kamwene. Shikamoo yangu ikufikie wewe na baba. Je, kifua kimepona, au baridi ya huko Njombe bado inakusumbua? Sisi huku tunatoka jasho tu, lakini wazima. Hata Yosefu, mkwe wako, ameanza kwenda kwenye kazi yake ya ukarani bandarini bila mkongojo. Namshukuru Mungu.

Alipovunjika mguu sikukuandikia, sikutaka ulie nami niko mbali. Alilala miezi mitatu. Siku hizo ndipo nilipofahamiana na Mzee Bakari, fundi redio wa hapa jirani. Mama, huku msimu wa korosho ukiisha kila nyumba inataka redio. Wanazibeba hadi shambani, vumbi linaingia, zinarudi kwa fundi zinakoroma. Aliponiona natia viraka nguo za watu, akaniambia nijaribu kuzishonea redio mifuko ya turubai. Wa kwanza ulifunika mpaka kitufe cha kuwashia, mwenye redio akawa anaivua nguo kila akitaka taarifa ya habari. Tulicheka, nikaufumua. Baadaye walikuja watu hata kutoka Nanyamba, mwingine anataka na kifuko cha betri za akiba. Tukala kwa cherehani yangu.

Kisha yakaanza maneno kwamba mke wa karani ni mlanguzi. Balozi wetu wa nyumba kumi akaniita mkutanoni. Niliogopa, mama. Mgeni, mume kitandani, na kuitwa mnyonyaji siku hizi si mchezo. Nilisimama mbele yao. Ndipo Bi Somoe, mjane wa Nanyamba aliyekuja siku hiyo kuchukua mfuko wake, akaomba ruhusa. Akaiweka redio yake mezani, ikiwa ndani ya mfuko.

"Hii alituachia marehemu," alisema. "Jioni kijiji kizima kinakuja kwangu kusikiliza. Huyu binti ameikinga na vumbi kwa jasho lake. Kamnyonya nani?"

Balozi akaushika mfuko, akaitazama mishono yake. Akasema kosa langu ni kushona peke yangu, na wanawake wanaotaka kujifunza wapo. Kesho yake wakaja wanne. Sasa tumekuwa ushirika, tunashonea barazani kwa Mzee Bakari, naye hunitania kwamba redio haziharibiki tena upesi, nitamkosesha kazi.

Nisalimie kaka Elia na mkewe, shangazi anayeuza maziwa, na mwalimu wetu wa kwaya. Mwambie bado naimba.

Siku Yosefu alipouacha mkongojo, Bi Somoe alituletea unga wa muhogo na kuku, akamwita mkwe. Nikamwambia mama yangu yuko Njombe. Akajibu anajua, ila Njombe ni mbali. Basi nikuandikie kwamba huku mwanao analelewa.

Ni mimi binti yako,
Tumaini