Maharage ya Mjane na Joho Langu Jeupe

Mjukuu wangu Neema,

Huku Murusagamba tuko wazima, na mbuzi wa bibi yako amezaa mapacha. Umeuliza utamjuaje mtu aliyeokoka kweli.

Ujanani hakuna aliyeomba kwa sauti kunishinda. Jumapili moja nakimbilia kanisani na joho jeupe la kwaya, mvua hiyo inakuja. Maharage ya mbegu ya jirani yetu mjane yameanikwa nje, mwenyewe hayupo. Nikapita, nisichafuke. Mzee Bahati, mnywaji wa pombe ya ndizi, akaanza kuvuta turubai lenye maharage peke yake.

“Wewe mtakatifu,” akanicheka, “shika basi upande huo.”

Nikarudi, nikashika. Mbegu ikapona. Kanisani nilifika na matope hadi magotini, na siku hiyo niliomba kimyakimya.

Babu yako