LaVonne Alipokuja Msituni

Barabara ya Ziwa la Korongo,
Phillips, Wisconsin.
24 Oktoba 2019

Mpendwa Dada Ardis,

Salamu zikufikie huko Tucson, kwenye jua lenu lisilochoka. Goti linaendeleaje? Nimesikia sasa unakwenda kwa jirani na kurudi bila fimbo. Nimefurahi sana, ila usijifanye msichana. Sisi hapa ni wazima. Bega langu limepona kiasi cha kubeba kuni, na shinikizo la damu la LaVonne limetulia. Baridi imeanza kuuma, na mialoni nyuma ya nyumba imebaki na majani ya kuhesabika.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu tulikuwa msituni siku tano. Soma vizuri, Dada: tulikuwa. Mimi na mke wangu.

Ilikuwa hivi. Rudy Zastrow, mwenzangu wa kambi tangu ujana, amehamia Minnesota kwa binti yake. Daktari naye amenikataza kupanda miti kuvizia wanyama tangu nilipoanguka kwenye ngazi mwezi wa tatu. Watoto wakasema baba haendi kuwinda peke yake, mwisho wa maneno. Nilikuwa narudisha upinde kabatini, nimenuna, LaVonne akaweka kikombe chake mezani akasema basi tutakwenda wawili. Nikadhani ananihurumia. Sikubisha, maana nilitaka mno kwenda.

Tulipiga hema palepale pa siku zote, kando ya kijito, chini ya misonobari. Nilimbebea godoro la upepo, mablanketi na kiti cha kukunja, huku moyoni nikijua kesho yake ataomba turudi nyumbani. Wapi! Asubuhi nilipotoka nilimkuta amekwisha washa moto, anageuza chapati za maji na soseji, kofia yangu ya sufu kichwani mwake. Akanieleza kwamba alfajiri nungunungu alikuja kutafuna mpini wa shoka langu kwa uchu wa chumvi ya jasho, naye akamwacha amalize kifungua kinywa chake. Mpini umebaki kama gunzi la mahindi.

Kwa vile sipandi tena miti, tulikaa chini, ndani ya kibanda cha turubai, mimi na upinde, yeye na darubini. Miaka yote mimi huingia msituni kutafuta kitu kimoja tu, pembe. LaVonne aliona kila kitu. Alimwona dubu na watoto wake wawili wakila chini ya mwaloni. Alihesabu korongo mia moja na nane wakielekea kusini. Aligundua kindi aliyekuwa akificha chakula ndani ya buti langu la akiba. Yote aliyaandika katika daftari, na saa zake.

Siku ya tatu akaja kulungu dume, mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona kwa karibu, hatua ishirini tu. Nilivuta upinde, bega likaanza kutetemeka. Mshale ulikuwa unacheza juu ya mbavu zake, na nilijua nikiachia sitampiga panapostahili. Nikaulegeza uzi polepole. Alisikia, akaenda zake. Dada, nilikaa nikitazama mikono yangu, nikaona nimekwisha kazi. LaVonne hakunipa pole. Alinimiminia kahawa akaninong'oneza, "Umefanya vizuri. Ungemjeruhi bure."

Kesho yake nilipunguza nguvu ya upinde ili uvutike bila kunilemea bega. Jua likielekea kuzama akaja jike mnene, hatua kumi hivi. Safari hii bega lilitulia. Mshale ulimpata nyuma ya bega, akatimka. Tulingoja nusu saa kama inavyotakiwa, kisha tukafuata damu mpaka ukingo wa kinamasi, na hapo alama zikapotea. Giza lilikuwa linakuja. Nilizunguka mbele huku na huko, roho juu, kwa sababu kumwacha mnyama aozee porini ni jambo nisilolivumilia. LaVonne hakuzunguka. Alipiga magoti akawa anageuza jani moja moja, hata akaona tone upande wa chini wa jani, na hatua mbili mbele tone jingine. Aliniongoza hivyo hivyo hadi tulipomkuta amelala chini ya msonobari mdogo, amekufa.

Jioni ile tulikula ini kwa vitunguu kando ya moto. Nikamwambia kwamba laiti ningejua ana macho yale, ningemleta zamani.

Akasema, "Miaka thelathini na mmoja, Verlyn. Kila Oktoba nakufungia chakula, nasimama mlangoni nakupungia mkono. Hukuniuliza hata siku moja kama nataka kuja."

"Nilidhani hupendi."

"Ndiyo hiyo nakwambia. Ulidhani."

Hakusema kwa hasira. Alichukua sahani yangu akaniongezea vitunguu.

Tangu turudi nimekuwa nikikufikiria wewe. Namwona Baba akitupakia mimi na ndugu yetu Merle kwenye gari kwenda kuwinda, nawe umesimama kwenye dirisha la jikoni na misuko yako miwili ya nywele. Wewe ndiye uliyekuwa ukitushinda kulenga shabaha kwenye marobota ya nyasi, na sote tulijua. Baba hakukuuliza, na mimi, niliyekuwa nakaa karibu na dirisha la gari nikikutazama, sikusema neno.

LaVonne ameniambia nisikuandikie visingizio wala nisikushawishi, niulize tu kisha ninyamaze. Basi nauliza, ingawa nimechelewa miaka hamsini na mitatu: Dada Ardis, unataka kuja nasi msituni Oktoba ijayo?

Nisalimie sana shemeji Howard, na Denise na mumewe. Merle anakusalimu, na LaVonne anakubusu. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na miguu yenye nguvu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kungoja jibu lako,

Verlyn