Picha za Kifua Chako

Mama yangu,

Daktari wako wa mapafu amenipigia simu. Anaomba ruhusa ya kuwaonyesha wanafunzi wake wa udaktari picha za kifua chako, zile za mashine ya skaneri, ukumbi mzima ukitazama. Nikamwambia anipe muda. Wewe, Mama, uliyejificha nyuma ya pazia siku ya harusi yangu ukimkwepa mpiga picha! "Mi sitaki mutu abakie na sura yangu ninakohoa," ulisema, na pazia lenyewe likitikisika.

Tangu uondoke, nyumba yetu ya Ngagara imetulia mno. Zamani nilijua uko chumba gani bila kuuliza. Sasa nasimama katikati ya sebule na vikombe viwili vya chai, mwanga wa asubuhi umejaa dirishani, na hicho cha pili sijui nikipeleke wapi. Nikisinzia unakuja. Tunatembea kando ya ziwa, milima ya Kongo inaelea juu ya maji, wewe uko mbele, hukohoi hata kidogo, na kwa sababu hiyo huwa nachelewa kukutambua. Nikiamka nina hasira na ile miaka yote waliyokuita mgonjwa wa pumu.

Unakumbuka tulivyohangaika? Makohozi yalipimwa kifua kikuu, hakuna kitu. Pampu ya pumu ikazeekea mkobani. Tukalaumu moshi wa makaa, tukalaumu vumbi la vitenge kibandani kwetu sokoni Jabe, tukamfukuza hata paka wa jirani. Mpaka huyu daktari akaona kwenye skaneri vidoa vidogo, kama punje za ulezi zilizomwagika mkekani, akakutuma Nairobi ukatolewe kinyama cha pafu kipimwe. Ndipo akatueleza taratibu: kwenye njia za pumzi kuna seli chache zinazoonja hewa na kutoa homoni, na zako zilikuwa zimezaana kupita kiasi, zikazibana njia zenyewe. Ugonjwa adimu, jina refu. Ukamuuliza, "Kumbe ile paka haina kosa?" Alicheka mpaka akavua miwani.

Sindano ya kila mwezi ilikupunguzia kikohozi, ukalala chali kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilikaa pembeni ya kitanda nikikutazama tu. Lakini mapafu yalikuwa yameshachoka, tukakuzika, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa Jabe nampimia mteja kitenge, nikasikia unakohoa. Wewe kabisa: kikavu, kifupi, kifupi tena, halafu kile kirefu kinachovuta mabega. Nikaangusha mkasi, nikazunguka vibanda roho juu. Nikamkuta mama mmoja wa Gatumba ameketi juu ya mzigo wake, pampu mkononi. "Ni asma tu, mutoto wangu," aliniambia, "ni ya zamani." Nikamshika mkono, nikalia mbele za watu bila aibu.

Jana nilimpeleka kwa daktari wako, wakampiga skaneri. Punje zilezile, Mama. Bado atatolewa kinyama ili wawe na hakika, lakini daktari anasema mapafu yake yangali na nguvu.

Basi nimekata shauri, na najua utaninunia. Picha zako zitaonyeshwa. Jina lako halitatajwa. Ila mimi huyu mama sikumtambua kwa picha, nilimtambua kwa kikohozi; na wakishakuwa madaktari, hao wanafunzi watakaa na wanawake wengine kama yeye, waandike pumu, wawape pampu, wawaruhusu waende nyumbani. Nimemwomba daktari nami niwepo. Amekubali.

Kwaheri, Mama. Pumua utakavyo huko uliko. Nakuahidi, siku hiyo nitasimama mbele ya ukumbi mzima, picha zako nyuma yangu, na nitawakoholea kikohozi chako, tena na tena, mpaka wakijue.

Mwanao,
Spès