Nyanya Ameucheza Mchezo wa Kijiji

Ruiri,
Jumapili jioni.

Mpendwa dada Kajuju,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini joto la Kiambere halijakumaliza, na kwamba wanafunzi wako wanakuogopa kuliko mimi ninavyokuogopa. Sisi hatujambo, Mungu ni mwema. Mvua imeanza, maharagwe yameota, na ng'ombe wa Nyanya amezaa ndama jike. Nimekupigia simu mpaka nimechoka na hupokei, kwa hivyo pokea barua.

Najua umekasirikia nini. Uliniambia kwamba mambo ya Hali ya Hatari, ya wakati wa mkoloni, si ya kuchezea, nami nikakujibu kwa kiburi. Lakini mchezo wangu wa ubao sikuuacha. Mimi na Adrian, yule wa Embu niliyesoma naye chuoni Nchiru, tumeumaliza. Ubao ni kijiji cha enzi zile, mkoloni alimowafungia watu wetu, kimezungushiwa handaki na ua wa miti iliyochongwa ncha, na kina lango moja tu. Kila mchezaji ni mama mwenye nyumba. Lango likifunguliwa unakimbilia maji, kuni na unga. Ukichelewa kurudi, homgadi, askari mlinzi wa mkoloni, anakunyang'anya vyote na kukupeleka kuchimba handaki. Tuliwasikiliza wazee wengi ili tusikosee. Nyanya hakuwamo, maana unamjua, ukimtajia kijiji anakumbuka ghafla kwamba kuku hawajalishwa.

Sasa sikia. Jana tulipanga kuujaribu na vijana wa kanisa, mvua ikatuzuia. Tukautandaza hapa sebuleni, mimi, Adrian na Susan wa jirani. Nyanya alikuwa kwenye mkutano wa akina mama, na mkutano ule, kama unavyojua, hauishi kabla ya chai ya pili. Jana uliisha. Niliinua macho nikamkuta amesimama nyuma ya Adrian, kitambaa cha kichwa kimelowa, anautazama ubao. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilijua nimemuua nyanya yetu kwa kadibodi.

Aliuliza yule mwenye koti jekundu pale ubaoni ni nani. Adrian, maskini, akamjibu kwa adabu kwamba ni homgadi. Nyanya akauliza mke wake yuko wapi. Adrian akasema hana. Akauliza, na watoto je? Adrian akasema kwamba kwa kweli hatukuwaza kumpa watoto. Nyanya akavuta kiti, akaketi, akasema homgadi alikuwa na watoto, na mmoja wao ni yeye.

Ndiyo, Kajuju. Baba yake Nyanya hakuwa msituni akipigania uhuru. Nyanya hakuwahi kusema baba yake alikuwa huko. Sisi wenyewe ndio tuliompeleka, na wewe ukamwandikia hata insha, shule nzima ikakupigia makofi. Baba yake alikuwa homgadi kule Embu, mlinzi wa lango. Nyanya alitueleza kwamba wao waliishi ndani ya kituo cha homgadi, wakila wakashiba huku wenzao wakilala njaa. Watoto wa kijiji walikuwa wakicheza vijiwe, na kila alipokaribia waliviokota wakaenda zao. Alisema hakuwalaumu hata siku moja, kwa kuwa baba yake aliwapiga mama zao. Jambo hilo amelibeba hadi uzee huu, akihofia siku tutakayojua na kumwonea haya.

Mimi nililia, Susan naye akalia bila hata kuulizwa. Macho yangu yalikuwa kwa Adrian, maana babu yake alichapwa viboko katika kijiji kama kile, na nilihofia atachukua koti lake aondoke. Badala yake akamsogezea Nyanya kete na kumwuliza kama angependa kucheza.

Kajuju, huyo mwanamke ni mwizi! Alificha unga chini ya paja, akakana mchana kweupe, akatushinda. Halafu akala mukimo, viazi na mahindi ya kuponda, sahani mbili na kudai tuanze upya. Sijapata kumwona akicheka namna ile, na roho yangu imetulia kabisa. Leo kanisani aliimba mpaka watu wa mbele wakageuka. Ametuagiza tutengeneze kete ya msichana mdogo wa kukaa kituoni, lakini ametuonya tusimpunguzie homgadi ukali wake, kwa sababu hiyo itakuwa ni kusema uongo.

Umebaki wewe. Anakuogopa kuliko sisi sote, kwa kuwa siku ya ile insha alikuwa ameketi mstari wa mbele akikusikiliza. Ndiyo maana ameniomba nikuandikie kila kitu wazi, yeye hawezi kukutamkia kwa mdomo wake. Mama anakusalimu sana na anasema uvae sweta ukija, huku ni baridi. Adrian pia anakusalimu, ingawa hajui kama salamu zake unazipokea.

Nyanya hakutuma salamu. Ametuma swali, na amekaa hapa kando yangu kuhakikisha nimeliandika jinsi alivyolisema: ukija Pasaka, utakubali acheze nawe?

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kaari.