Njoo Kabla Hatujanyoa

Uchochoro wa Kinu cha Tofu,
Kunming.
11 Septemba 1994

Shangazi yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, hata zile ambazo Baba anasema sina. Habari za huko kaskazini? Kifua chako kinaendeleaje, na baridi imeshaanza kuuma masikio? Mumeo, Baba Guo, hajambo na garimoshi lake? Na mwanao Lei, bado anakimbizwa na bata bukini wa jirani au sasa ni zamu yake kuwakimbiza? Mwambie mimi umri wake nilikuwa nawafukuza kwa mikono mitupu. Asiulize mashahidi.

Sisi huku ni wazima, maana yake tunakula na tunalala. Baba anakohoa asubuhi tu. Mimi siku hizi ndiye mbebaji bora wa mabakuli ya tambi za mchele kuanzia kinu cha tofu mpaka sokoni. Nabeba sita kwa mkono mmoja na mchuzi haumwagiki, labda mwenye duka awe ananitazama.

Mwandiko huu unaujua. Barua zote ulizopata kutoka kwa Bibi tangu nilipojifunza kuandika zilipita mkononi mwangu. Yeye alikuwa anasema, mimi naandika. Alikaa kwenye kigoda akimenya vitunguu saumu, na kila nilipochomeka maneno yangu alinichapa begani, sijui alijuaje na kusoma hakujua. Leo hakuna wa kunichapa. Naandika ninavyotaka, na si raha kama nilivyodhani.

Barua yako ilifika Jumatano. Baba aliisoma kwa kusimama, akaikunja, akaiweka chini ya redio na kwenda kiwandani bila kunywa chai. Nami nikaisoma, kwa sababu hakusema nisisome. Umesema likizo uliyoiomba kwa vuli hii umeirudisha, na tiketi hukati tena. Umeandika, "Mama hayupo. Nije kwa nani sasa?" Hilo swali nimelizungusha kichwani siku nzima nikiosha mabakuli. Shule niliiacha mapema, unajua, lakini maswali ya namna hii shuleni hawafundishi kuyajibu, kwa hiyo sijapitwa na kitu. Nisikilize.

Kwanza ile habari ya Chengdu. Tunajua kwamba ulipopata simu ya maandishi kuwa Bibi ni mgonjwa ulipanda garimoshi siku ile ile. Tunajua mlima uliporomoka juu ya reli, ukalala kwenye sakafu ya kituo mpaka ikaja habari kwamba ameshazikwa, nawe ukageuza. Hakuna mtu humu ndani anayesema ulichelewa. Yaani yupo mmoja, Baba Mkubwa, lakini yeye husema hata jua huchelewa.

Unaogopa Baba amekukasirikia kwa sababu haandiki. Shangazi, huyu ni kaka yako, umekua naye. Lini umemwona akiandika? Ngoja nikupe kisa cha paja, halafu useme mwenyewe kama amekasirika.

Unalijua lile paja la nguruwe ambalo Bibi alilitia chumvi mwaka ule ulipoandika kwamba ukipata nafasi utakuja. Hukuja, ukaumwa. Mwaka uliofuata akaumwa Lei. Paja likabaki juu ya jiko, limevaa ukungu wa kijani kama jenerali, na hakuna aliyeruhusiwa hata kulinusa kwa nguvu. Kila mwaka mpya niliuliza, "Bibi, tulionje tu, tujue kama halijaharibika." Naye, "Likiharibika utaharibika nalo. Hilo ni la Yaomei." Utu uzima wote huo, na kwake wewe ulibaki Yaomei, kitinda mimba wake.

Basi siku ya mazishi watu walijaa mpaka uchochoroni, na mpishi akaishiwa nyama. Baba Mkubwa akatazama juu ya jiko. Akasema, "Wageni wanakula majani kama sungura, na nyama inaning'inia juu ya vichwa vyao. Kui, lete kisu."

Nikasema, "Hiyo ni ya Shangazi."

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Njiani."

"Njiani tangu mwaka gani?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile, cha kufunika mdomo. Mimi nikasimama chini ya paja. Nikamwambia nikinyanyua mkono yeye hatanyanyuka, na ni bahati tu Bibi alikuwa amelala mle ndani kwenye jeneza, vinginevyo ningechapwa wa kwanza. Baba Mkubwa akavuta kigoda cha Bibi ili apande. Hapo ndipo Baba akatokea, macho mekundu, kitambaa cheupe cha msiba kichwani. Alikichukua kile kigoda kutoka miguuni mwa kaka yake, akakiweka pale pale chini ya paja, akakikalia. Akakaa hapo mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka. Baba Mkubwa akamwambia, "Wewe mtu mzima unalinda nyama." Baba akajibu, "Ndiyo."

Neno hilo moja ndilo alilosema siku nzima. Sasa niambie, huyo ndiye aliyekasirika?

Kwa hiyo ile safari yako ya vuli iko pale pale, tumeibadilisha tarehe tu. Badala ya sikukuu ya keki za mwezi utakuja kwa siku ya mia ya msiba wa Bibi, inaangukia mwishoni mwa Oktoba. Usipitie tena njia ya Chengdu, milima ile haina adabu. Pitia upande wa Guiyang, ni mbali kidogo lakini utafika. Njoo na koti moja zito na moja jepesi. Umekaa kaskazini mpaka umesahau kwamba huku mchana unavua na mvua ikipita unalitafuta koti mbio. Usilete chakula. Usilete ule uyoga wenu mkavu, huku ndiko kwenye uyoga, utatutia aibu. Mapeasi ya Chenggong yatakuwa yamejaa sokoni, na mimi nawajua wauzaji wote, wengine hata hawanidai. Ukikaa wiki moja zaidi, shakwe watakuwa wameingia Ziwa la Kijani kutoka huko huko kwenu kwenye baridi. Bibi kila mwaka alikuwa anawatazama na kuuliza, "Hawa wanawezaje kuja na mwanangu hawezi?" Hilo aliniambia niandike, sikuliandika. Sasa nimeliandika.

Na njoo kabla hatujanyoa. Siku mia za msiba bila wembe, Shangazi, hutatujua. Baba anafanana na mbuzi aliyetoroka. Mimi nywele zimefika mabegani na nimependeza mpaka wasichana wa kiwanda cha soksi wanapita dukani bila njaa. Siku ya mia tutanyoa, na sitaki kunyoa wewe hujaona. Sisemi kwa ajili ya uzuri. Zikianguka hizo, imekwisha, kila mtu anarudi kwenye kazi zake, na Bibi anakuwa mtu wa kukumbukwa tu. Mtoto wake wa mwisho awepo siku hiyo.

Sasa nije kwa jambo ambalo hulijui, maana Bibi alinikataza kuliandika.

Kila ilipokuja barua yako yenye neno baya ndani, kwamba kifua kinabana, kwamba hulali, kwamba ule ujauzito wa pili umeharibika, Bibi hakulia mbele yetu. Alingoja jua lishuke. Akachukua bakuli la mchele, akaweka yai juu yake, akashika kile kikoti chako chekundu cha shule, akaenda kusimama kizingitini kukuita roho iliyotangatanga irudi, kama alivyokuita siku ile mbwa wa kinu alipokushtua ukiwa mdogo. "Yaomei, rudi nyumbani. Usiogope mto, usiogope mlima, usilale kwa watu. Rudi nyumbani." Na mimi nilikuwa nyuma ya pazia la jikoni, kazi yangu kuitikia, "Amesharudi." Unajua mwenyewe, bila mtu wa kuitikia ndani, kuita roho ni kelele za mlangoni tu.

Nilikuwa naitikia kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Amesharudi, na amenenepa."

"Mjinga wewe, roho hainenepi. Itikia vizuri."

"Amesharudi, Bibi."

"Haya. Njoo ule hilo yai."

Yai la kuita roho huliwa na mwenye roho, lakini wewe hukuwepo, basi mayai yako yote nimekula mimi. Miaka yote hiyo. Kama kweli roho ilikuwa inaingia humo, nusu yako iko tumboni mwangu, na ndiyo maana najikuta na akili.

Jioni ya mwisho Bibi hakuweza kusimama. Mvua ilikuwa inapiga vigae. Baba alikuwa amekwenda posta kuuliza kama kuna habari zako. Bibi akasema, "Kui, fungua mlango." Nikamwambia maji yataingia. "Yaingie." Nikafungua. Nikampa kikoti, akakishika. Akakuita kutoka kitandani, sauti imebaki kidogo, kama ya kifaranga ndani ya kapu. Nikaenda nyuma ya pazia kama siku zote, nikaitikia, "Amesharudi." Siku hiyo sikuigiza mtu.

Akauliza, "Yuko wapi?"

Hilo hakuwahi kuliuliza hata mara moja. Nikasema, "Yuko hapa jikoni, Bibi. Amelowa, anakausha nywele."

Nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mpe supu ya moto kwanza. Usimchoshe na maneno yako." Na hakusema tena. Baba aliporudi kutoka posta alikuta mlango uko wazi, maji yamejaa mpaka miguu ya kitanda, nami nimemshika mkono. Hakuniuliza kwa nini sikufunga. Kikoti kiko kwenye sanduku lake, hatukukizika. Kimekauka vibaya, lakini rangi bado ipo.

Jumatano hiyo ya barua yako nilichukua bakuli na yai nikaenda kizingitini mwenyewe. Sina sauti ya kazi ile. Mama Dai, jirani yetu, akachungulia dirishani. "Kui, kwa ukali huo utaifukuza hata roho iliyoko ndani." Nikamwambia anionyeshe yeye basi kama ni fundi. Akafunga dirisha, lakini nilimwona kupitia kioo, anajifuta uso kwa aproni. Nikaita tena. Nikangoja. Baba alikuwa jikoni, ndiye peke yake wa kuitikia. Nilimsikia akifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena, kikatoka kikohozi. Yai hilo sikulila. Nililiweka dirishani mpaka likanuka, ndipo Mama Dai akalitupa, na hakunisimanga, naye kusimanga ndicho chakula chake.

Ndiyo maana nakuandikia. Uliuliza uje kwa nani. Shangazi, mimi naongopa mambo mengi, hata hao wasichana wa soksi kusema kweli wanakuja kwa ajili ya tambi. Lakini hili nililomwambia Bibi sitaki libaki uongo, na mimi peke yangu siwezi kuligeuza. Nilimwambia uko jikoni. Njoo uingie jikoni. Kigoda chake kipo, utakaa hapo ukaushe nywele hata kama hakuna mvua. Paja tutalishusha, Baba atalikata, mimi nitachemsha mfupa wake na maharage mpaka mchuzi uwe mweupe. Utakunywa kwanza, na nitajitahidi kunyamaza mpaka umalize.

Nisalimie Baba Guo, mwambie huyu kijana wa mkewe anamheshimu kwa mbali, akija karibu tutaonana kwenye karata. Msalimie Lei na bata bukini wake. Mama Dai anakusalimu sana na anataka kujua kama bado unaogopa mbwa. Baba Mkubwa naye anakusalimu, nimemlazimisha. Baba hajasema nikusalimu. Aliponiona nimekaa kuandika alitoka nje, akarudi, akaweka stempu mezani karibu na kiwiko changu. Stempu mbili, yaani ameona kwamba barua itakuwa nzito.

Reli ikuachie njia, mvua ikusubiri upite. Usiogope mto, usiogope mlima, usilale kwa watu. Yaomei, rudi nyumbani.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na niliyekuitikia,

Zhou Kui