Jeni, Mshenga na Keki Yako

Dada Mumbua, hujambo na baridi ya huko? Huku jasho halinikauki.

Bi Rukia, mwenyeji wangu hapa Mji wa Kale, kaniuliza nasomea nini. Nikamweleza: jeni ya binadamu inayotengeneza protini ya kuushika ujumbe wa RNA, ili vipande visivyotakiwa vikatwe na vinavyobaki viungwe.

“Hiyo ndiyo kazi yangu, mwanangu,” akasema, akimega mahamri. “Mimi ni mshenga. Matusi ya wakwe nayakata njiani, yaliyobaki nayaunga, ndoa inafungwa.”

Kisha akaionja keki yako, akanipa ujumbe mrefu nikufikishie. Nimeukata, nimeuunga: Bi Rukia anasema ahsante, keki imefika.

Nakupenda sana. Punguza magadi.

Kakako, Kioko